Mtoto Hatuna

Dada yangu alipotea Jumamosi moja akiwa na miaka kumi na mitano. Mtu wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi, kwa sababu tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Nilikuwa na miaka tisa.

Mtaani walimwita Twiga. Alikuwa ameshampita baba urefu, na mlango wa chumba chetu aliuingia akiwa ameinamisha shingo. Mama ni fundi cherehani, na alizoea kulalamika kwamba kumshonea Twiga sketi ni sawasawa na kushona pazia. Wiki ile walikuwa hawaivi. Twiga alitaka kucheza mpira wa kikapu. Mama hakutaka kusikia habari za bukta wala mipira, alitaka kuona vitabu. Ijumaa jioni Twiga alirudi amenyoa nywele zote, kichwa kinang'aa, na mama akamzaba kofi pale pale mlangoni. Kesho yake asubuhi dada akaaga kwamba anakwenda kujisomea kwa rafiki yake. Alikuwa na begi la shule mgongoni. Mama alikuwa na pini midomoni na kinyongo moyoni, hakumwitikia.

Jioni ikaingia, Twiga hajarudi. Yule rafiki akasema hakumwona kabisa siku ile. Baba alizunguka mitaa yote na baiskeli yake mpaka mnyororo ukakatika, akarudi anaikokota.

Jumapili asubuhi wakubwa walijaa sebuleni kwetu. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeshika usukani. Ni mwanamke mwenye sauti ya kupiga mnada, na alipenda kuonekana ndiye anayejua. Aliniketisha kwenye kigoda katikati ya miguu ya watu.

"Nani alimnyoa dada yako?"

"Kinyozi."

"Kinyozi gani?"

"Huyu wa hapa kwenye kona."

Watu wakatazamana. Yule kinyozi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, hajaoa, anakaa peke yake nyuma ya kibanda chake chenye vioo viwili. Jioni alikuwa akifunga kazi na kwenda kwenye uwanja wa shule kuwafundisha vijana kudunda mpira. Mpaka asubuhi ile, kila mtu alimsifu kwa hilo.

"Ulimwona Twiga akiingia kwake?" shangazi akaniuliza.

"Ndiyo."

"Jana?"

Nilikuwa nimemwona Ijumaa. Nilijua kabisa ilikuwa Ijumaa, maana nilikuwa natoka shule. Lakini nyuso zote zilikuwa zimeniinamia, mama amenishika mkono ananiminya, na niliona wazi kwamba kuna jibu wanalolitaka na jibu wasilolitaka. Nikasema ndiyo. Mama akaniachia mkono. Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi, mambo si hayo!" na sebule nzima ikasimama kama watu waliosikia kengele.

Baba hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kazi yake mageti na madirisha, na hata wateja wasumbufu aliwajibu kwa kucheka. Siku ile alipita karakana yake akatoka na kipande cha bomba.

Kinyozi alikuwa anafagia. Walimtoa nje wakampiga mateke mpaka akaanguka kwenye nywele za watu alizokuwa amezifagia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya shangazi nimeshika kanga yake. Kinyozi alikuwa anasema maneno yale yale tena na tena: Twiga amekwenda majaribio ya mpira wa kikapu, chuoni, mji wa pili, timu ya wasichana, muulizeni mwalimu wake wa michezo. Mama akapiga kelele kwamba ni mwongo, mwanawe hawezi kusafiri bila kumwambia. Halafu yule kijana akaniona mimi.

"Mdogo wangu," akaniambia. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. "Sema kweli. Ulimwona kwangu jana?"

Watu wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Baba alimpiga na lile bomba mara tatu kwenye mkono wa kulia, ule wa kushikia mkasi. Nilisikia mfupa.

Polisi walikuja wakamchukua yeye, si baba. Walimkalisha ndani siku tisa. Mpelelezi aliyepewa kesi alikuwa mtu mnene mwenye haraka, kila ukimwona yuko njiani kwenda mahali pengine. Alikuja nyumbani akatuambia, "Tumepiga simu chuoni. Hakuna msichana wa jina hilo aliyefika kwenye majaribio. Kwa hiyo huyu bwana anatuchezea akili." Mama akalia kwa sauti, lakini kwenye kilio chake mlikuwa na kitu kama nafuu. Sasa alikuwa na mtu wa kumchukia.

Hawakupata ushahidi, wakamwachia. Akakuta kibanda kimechomwa moto, vioo vyote viwili vimepasuliwa. Akahama mtaa na mkono wake umefungwa ubao.

Mama alianza kuzunguka hospitali. Alikwenda na picha ya Twiga ya kitambulisho cha shule, nywele zimesukwa mistari, uso tu unaonekana na mabega kidogo. Kila mahali aliuliza swali moja: "Namtafuta mwanangu, mtoto wa miaka kumi na mitano." Siku ya kumi na tatu alifika hospitali ya mji wa pili. Alirudi jioni miguu imevimba, akamwambia baba, "Wamesema mtoto hawana." Baba akafuta jina la hospitali ile kwenye karatasi aliyoibandika ukutani.

Baada ya hapo ikawa miaka.

Baba alibandika matangazo kwenye nguzo mpaka watu wakazoea kubandika yao juu yake, nyumba inapangishwa, dawa ya kunguni. Namba ya simu ya mama ilikuwa pale chini kwa herufi kubwa. Siku moja mchana msichana alipiga akasema, "Mama, ni mimi, nisaidie mama," halafu nyuma yake wakasikika wenzake wakiangua kicheko. Sote tulisikia kile kicheko, simu ilikuwa na sauti kubwa. Mama hakukubali kwamba alikisikia. Aliipigia ile namba miaka miwili, mpaka siku alipopokea mzee mmoja na kumwambia laini ni yake sasa, amwache apumzike.

Shangazi alichoka kabla yetu sote. Mwaka wa pili alisema mbele ya wageni, huku anachovya mkate kwenye chai, "Wifi, mimi nakwambia ukweli, yule yupo, kazaa huko, ana watoto wawili anatucheka." Mama alimtoa nje na kikombe chake mkononi. Lakini usiku na mchana aliwahesabu wale watoto wawili. Alikuwa akiona mtoto mrefu njiani anamfuata.

Mimi nilikuwa naishi pale kama kiti. Nilipofaulu kwenda sekondari, shule nzima tukafaulu wanne, nilikimbia na karatasi ya matokeo mpaka kwenye cherehani. Mama aliisoma. Akaikunja vizuri mara nne, akanirudishia.

"Si ungechukuliwa wewe," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefikiria mambo yangekwendaje. Halafu akaendelea kushona kola.

Ningeweza kumwambia siku ile. Ilinifika mpaka ulimini kwamba Jumamosi sikumwona mtu, kwamba ilikuwa Ijumaa. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliogopa kwamba nikitoa hilo, hatabaki na sababu yoyote ya kunipa chakula.

Baba aliugua mapafu mwaka wa nane, moshi wa kuchomelea ulikuwa umemla. Alikonda akabaki macho. Siku zake za mwisho alikuwa hataki uji, hataki maji, anauliza kitu kimoja tu: "Yule kijana hajasema?" Mama anamjibu hajasema. Baba anafumba macho, anakusanya pumzi, anauliza tena. Alikufa Alhamisi saa nne asubuhi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho hapa duniani. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono.

Mwaka wa kumi na moja nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya mabasi. Ni kazi ya kusoma karatasi za watu bila kutaka: talaka, barua za kuachishwa kazi, vipimo vya hospitali. Siku moja simu ya mama ikaita akiwa na mteja, nikapokea mimi. Alikuwa askari wa kike kutoka kituo kile cha zamani.

"Tunahamia jengo jipya," akasema. "Mafaili ya zamani yanachomwa. Kuna moja lina picha ya mtoto wa shule. Nimeona haya kuichoma. Njooni mchukue."

Nilikwenda peke yangu. Yule askari alikuwa msichana wa umri wangu, kavaa glavu kwa sababu ya vumbi. Uani kulikuwa na marundo mawili ya magunia, ya kuhamishwa na ya kuchomwa, na faili letu alilitoa kwenye la kuchomwa. Lilikuwa jembamba. Nilidhani faili la miaka kumi na moja lingekuwa na uzito. Lilikuwa na kurasa sita.

"Naomba nilisome, afande."

Akaangalia mlango wa ofisi ya mkubwa wake. "Dakika kumi. Mimi sikukuona."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa maelezo ya mama. Wa pili yalikuwa yangu, mistari minne, na chini yake alama ya kidole gumba changu, ndogo kama kitufe cha shati. Nilikuwa nimesahau kwamba waliniwekesha kidole. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa kinyozi. Mwandiko wa askari, maneno yake:

"Nilimnyoa Ijumaa saa kumi alasiri. Aliniambia kesho anakwenda majaribio chuoni, mji wa pili. Alisema atashuka stendi kisha atatembea kwa miguu mpaka chuoni. Nilimwambia amwambie mama yake kwanza. Alisema mama yake hatakubali, ila akichaguliwa atakubali tu. Jumamosi sikumwona."

Pembeni, kwa wino mwekundu: "Chuo kimepigiwa simu. Hakufika. Mwongo."

Nilisoma lile neno "hakufika" nikiwa nimekaa juu ya gunia. Kwenye duka letu tunafundishwa kutazama karatasi kabla ya kuinakili, kama kuna sehemu imekatika. Hapa ilikuwa imekatika waziwazi. Aliondoka nyumbani, hakufika chuoni. Katikati palikuwa na stendi na barabara. Hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda kuuliza pale katikati. Nilipoondoka na ile picha, ukurasa wa tatu niliutia mfukoni.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Kutoka stendi ya mji wa pili mpaka chuoni ni mwendo wa dakika ishirini, na unavuka barabara kuu mara moja. Hospitali iko upande wa pili wa makutano. Niliuliza chumba cha maiti, wakanielekeza nyuma, karibu na jiko la kuchomea taka.

Mhudumu wa pale alikuwa mzee mkavu aliyevaa ndala za plastiki na koti la kijani. Nilimpa tarehe. Sikusema mtoto. Nilisema, "Msichana mrefu sana, kichwa kimenyolewa, huenda ni ajali."

Hakusita. Alivuta daftari la zamani kutoka kabatini, akalowanisha kidole, akafungua. Alikuwa kama mtu anayetafuta jina analolijua. Akaligeuza upande wangu.

"Mwanamke asiyejulikana. Umri takriban miaka 28. Mrefu. Kichwa kimenyolewa. Kagongwa na lori makutanoni, amefariki kabla ya kufikishwa. Bukta ya bluu, juu yake sketi ya kijivu ya kushonwa nyumbani, mfuko wa siri ndani ya mkanda. Begi halikuwepo. Amezikwa na halmashauri siku ya 21."

Mama hutushonea mfuko wa siri ndani ya mkanda. Hakuna fundi mwingine ninayemjua anayefanya hivyo. Sketi niliyovaa saa ile nilikuwa nimeweka nauli ya kurudia humo humo. Niliushika kwa nje nikajikuta nimekaa chini, kwenye sakafu iliyolowa dawa.

Mzee akaniletea kigoda. Akasubiri.

"Kuna mama alikuja," nikasema nilipoweza. "Siku ya kumi na tatu. Alikuwa na picha."

"Fundi nguo. Alikuwa amesahau futi ya kupimia shingoni." Alikumbuka vizuri. "Aliniuliza mtoto wa miaka kumi na mitano. Nikamwambia mtoto hatuna. Na kweli, hatukuwa na mtoto. Tulikuwa na mtu mzima."

"Si alikuwa humu ndani?"

"Alikuwa humu." Akaonyesha kwa kidevu mlango wa bati hatua tatu kutoka tulipokaa. "Mama yako alisimama hapo ulipokaa."

"Kwa nini hukumfungulia aangalie?"

"Binti yangu, kila anayekuja nikimfungulia majokofu yote, kazi nitafanya saa ngapi? Watu wanazimia, wanatapika, nani anadeki? Mimi." Alifunga daftari taratibu. "Angesema mrefu, ningemwambia ingia. Neno moja tu. Hakusema."

Nikamwomba alifungue tena nilipige picha kwa simu, kisha nikauliza kuhusu dereva. Akasema askari wa barabarani walishughulikia wao, ni ofisi nyingine ile, anavyojua kesi ilisikilizwa asubuhi moja ikaisha, maana hapakuwa na ndugu wa marehemu.

Halmashauri walinipa namba ya kaburi bila shida yoyote. Karani alikuwa mpole, akanitafutia na ramani. Kisha akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama, akakuna shavu.

"Safu hii ni ya wasio na ndugu. Ikifika miaka kumi bila mtu kuja, tunasawazisha, tunazika wengine juu." Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Mmechelewa kidogo tu. Mngekuja mwaka juzi mngemkuta."

Nilikwenda hivyo hivyo. Palikuwa na makaburi mapya yenye misalaba ya mbao na majina ya watu wengine, na mwanamume mmoja alikuwa anamwagilia maua. Akaniuliza nani wangu kati ya wale. Sikujua nimwonyeshe wapi.

Nilimkuta mama anashona sare za shule, oda ya mwezi Januari. Nilikaa mbele yake nikamwambia yote kwa mpangilio, kuanzia faili. Hakusimamisha cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi.

"Siku ya kumi na tatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Mimi nikiwa nje."

"Ndiyo."

Alitazama mikono yake. Nilidhani atapiga yowe, nilikuwa nimejiandaa kumshika. Nikasema na la kwangu, maana niliona nisipolisema saa ile silisemi tena. Nikamwambia Jumamosi sikumwona dada kwa kinyozi. Nikamwambia ilikuwa Ijumaa, nilijua, nilidanganya.

Hata hakunitazama.

"Yule alijua," akasema. "Alijua mwanangu anasafiri. Alijua, akamwacha aende."

"Mama, alituambia Jumapili. Alituambia huku anapigwa."

"Angeniambia Ijumaa." Akachukua kola nyingine, akaipanga chini ya sindano. "Angekuja hapa Ijumaa akaniambia, mama, mwanao anataka kusafiri. Hatua mia mbili tu. Hakuja. Damu ya mwanangu iko juu yake."

Kumtafuta kinyozi hakukuwa kazi. Nilijua alipo miaka yote. Alikuwa anakaa mlangoni mwa choo cha kulipia cha stendi, nyuma ya kimeza, na mistari ya karatasi za chooni ameipanga mbele yake. Anapokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia anauweka mapajani, vidole vimejikunja ndani kama mguu wa kuku. Duka letu liko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nazunguka jengo zima kila siku ili nisipite mbele yake.

Nilisubiri mchana watu wamepungua. Nikasimama mbele ya meza.

"Kaka, mimi ndiye yule mtoto."

"Nakujua," akasema. "Unafanya kazi pale kwenye fotokopi. Ukitaka kwenda haja unakwenda kule hotelini."

Nikampa nakala ya ukurasa wa tatu na ile ya daftari la hospitali. Alizisoma polepole, midomo inatembea. Kwenye lile neno jekundu alisimama.

"Alikufa pale pale?" akaniuliza.

"Pale pale."

"Alikuwa amefika wapi?"

"Makutanoni. Alibakiza mita mia tatu."

Akaweka karatasi mezani, akafuta macho kwa kiwiko cha mkono mbovu. Alimlilia Twiga mbele yangu, wateja wawili wakasimama kando wakiona aibu. Mama yangu alikuwa bado hajamlilia tangu nilipoleta habari.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto," akakubali. "Ulikuwa na miaka tisa, nani atakulaumu? Halafu ukafika kumi na mitano. Ukafika kumi na minane. Ukaanza kazi hapo ng'ambo, unaniona kila siku nagawa karatasi za chooni. Na kote huko bado ulikuwa mtoto?"

Nilizikusanya zile nakala mezani.

"Wewe sikutaki," akasema. "Mwambie mama yako aje asimame hapa ulipo, aseme mbele za watu kwamba sikumchukua mwanawe. Basi. Sitaki kingine."

Nilijaribu kuanza na majirani. Nilipita nyumba kwa nyumba na nakala zangu, kwa watu wale wale waliokuwa wamesimama kwenye duara siku ile. Muuza mkaa, aliyempiga teke la kwanza, alizisoma akanirudishia na kutikisa kichwa kwa masikitiko. "Ah, sisi tulijua siku nyingi kwamba siye." Mkewe akaitikia: "Kijana wa watu mpole vile!" Fundi viatu alisema hakuwepo. Nilimwona kwa macho yangu akiwa amebeba dumu la mafuta ya taa. Shangazi alinikaribisha chai, akasema mambo ya zamani hayo, mwenzangu, huyo kinyozi mwenyewe keshasahau. Kisha akasema, "Na mimi nilimwambia wifi tangu mwanzo, akaulize hospitali vizuri."

Kumpeleka mama stendi kulinichukua miezi minne. Kila Jumapili nilimwomba, kila Jumapili alikuwa na nguo ya mtu. Mwishowe alikwenda, nadhani kwa kuchoka na sauti yangu. Alivaa gauni lake la msibani, lile la kumzikia baba.

Ilikuwa siku ya safari nyingi na foleni ya choo ilikuwa ndefu. Mama alikataa kupita mbele ya watu. Alipanga mstari kama mwenye haja, nyuma ya wanawake wenye watoto na mabegi, na mimi ubavuni mwake. Kinyozi alimwona tangu mbali. Niliona jinsi alivyonyoosha mgongo, akaacha kugawa karatasi kidogo, akaanza tena.

Mama akafika mezani. Walitazamana. Kijana alikuwa na mvi pembeni mwa kichwa. Mama alikuwa amebaki mfupi kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kwa nini hukumzuia?" mama akamwuliza.

Nilifumba macho.

"Mama," akasema kinyozi, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu, "nilidhani anakwenda kucheza mpira."

"Ungekuja kuniambia."

"Ungenisikiliza?"

Nyuma yetu mtu akaanza kulalamika, jamani mstari, mwingine akapiga mluzi. Kinyozi alimsubiri. Alimpa muda mrefu kuliko tulivyostahili. Niliona anaangalia midomo ya mama kama mtu anayemsaidia mtoto kutamka neno. Midomo ilifunguka. Ikafunga.

Basi akachukua kipande cha karatasi kwa mkono wake wa kushoto, akakiweka kwenye kiganja cha mama kama anavyomwekea kila mtu.

"Kuna watu nyuma yako, mama. Pita au toka."

Mama akatoka kwenye mstari. Tulitembea mpaka nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Alivua gauni, akalitundika, akakaa kwenye cherehani kumalizia suruali ya mteja aliyekuwa anaifuata saa kumi. Mimi nilihama mwisho wa mwezi. Nilipokuwa natoa sanduku langu aliniuliza kama nimechukua mkasi wake mdogo, nikamwambia sijauchukua. Akasema sawa, atautafuta.